Bomba la zamani limekauka, lakini mkuza wake bado uko kwenye ramani ya kiwanja changu

Ndugu wa safu ya Ardhi na Nyumba, salaam.

Nina kiwanja Ipuli, Manispaa ya Tabora, chenye hati ya kumiliki ardhi. Kina upana wa mita 25 na urefu wa mita 32. Upande wa magharibi, unaopakana na barabara ya mtaa, ramani inaonyesha ukanda wa mita 6 uliochorwa kwa mistari ya kukatika-katika kwa urefu wote wa kiwanja, na umeandikwa kuwa ni njia ya bomba la maji. Nyumba ya kuishi iko upande wa mashariki, haiugusi ukanda huo.

Nimestaafu ualimu na nataka kujenga fremu tatu za maduka upande wa barabara. Nilipeleka michoro kuomba kibali cha ujenzi, ikarudi na maelezo ya mstari mmoja tu: jengo limo ndani ya mkuza wa huduma, yaani ukanda ulioachwa wazi kwa ajili ya bomba. Majirani wa siku nyingi wanasema bomba hilo lilikuwa likileta maji ya Igombe, na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini halipitishi kitu. Mwenyekiti wa mtaa aliniandikia barua ya kuthibitisha kuwa bomba halitumiki. Nikaipeleka, nikaambiwa haitoshi. Kinachotosha sikuambiwa.

Naomba mnisaidie haya. Nani hasa mwenye uwezo wa kuniachia ukanda huu? Mamlaka ya maji ikiandika kwamba bomba limekufa, naweza kuanza kujenga? Bomba lenyewe nilifukue au niliache, maana nasikia ni la asibesto? Nikishafutiwa, mita zote sita zinakuwa zangu za kujenga? Tena kuna jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ameshajenga banda na choo juu ya mkuza huohuo na hajaulizwa na mtu.

Mwalimu mstaafu, Ipuli, Tabora

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa inaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi wa pale na kwamba mpaka wako hauna mgogoro. Juu ya bomba haina nguvu, kwa sababu bomba si mali ya mtaa. Wala si la halmashauri, na hapa ndipo maombi mengi kama yako yanapokwama: mtu anaiomba halmashauri imwachie kitu kisicho chake. Mkuza una mwenyewe, naye ni yule ambaye huduma yake inapita pale. Kwako ni mamlaka ya maji. Halmashauri ni mamlaka ya upangaji. Kazi yake ni kulinda mchoro wa mipangomiji na kutoa kibali kinachoendana nao. Afisa aliyerudisha michoro yako hakuwa na namna nyingine, kwa kuwa ramani aliyo nayo mezani bado ina mkuza.

Kwa hiyo unahitaji mambo mawili: mwenye mkuza auachie kwa maandishi, kisha nyaraka zibadilike. Nyaraka zenyewe ni tatu, na zinakaa mahali tofauti: mchoro wa mipangomiji, ramani ya upimaji, na daftari la Msajili wa Hati. Wengi wakishapata barua ya mamlaka ya maji huiweka kwenye faili na kuanza kuchimba msingi. Miaka mitano baadaye wanataka kuuza au kukopa benki, mthamini anafungua ramani, na mkuza uko palepale.

Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta mkuza wako uliingiaje. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inatambua haki ya kupitisha huduma katika ardhi inayomilikiwa na mtu mwingine, na haki hiyo huweza kuwekwa kwa njia zaidi ya moja. Huenda mpangamiji aliuchora tangu mwanzo na mpimaji akauhamishia kwenye ramani yake. Huenda yalikuwepo makubaliano kati ya mmiliki wa awali na mwenye huduma, yakasajiliwa. Au ulitangazwa kwa amri katika Gazeti la Serikali. Omba upekuzi rasmi, yaani taarifa ya kilichoandikwa kwenye daftari juu ya kiwanja chako, kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa hapo Tabora, na uombe pia nakala ya ramani ya upimaji. Namba yake iko kwenye ramani ndogo iliyoambatishwa na hati yako. Soma na masharti ya hati, yale ambayo watu huyaruka.

Upekuzi ukionyesha kwamba haki imesajiliwa kama mzigo juu ya hati yako, barua ya kawaida haitaiondoa. Mwenye kunufaika na haki ndiye anayepaswa kuifuta kwa fomu maalum, na inakufa siku ufutaji unaposajiliwa, si siku barua ilipoandikwa. Ukikuta daftari ni safi na mkuza uko kwenye mchoro na ramani tu, kazi inapungua: ni kurekebisha mchoro na ramani. Ukiwa wa Gazeti la Serikali, jambo linapanda hadi kwa Kamishna wa Ardhi, na hakuna ofisi ya wilaya inayoweza kulimaliza. Upekuzi huohuo utakuonyesha kama kuna rehani; kama benki inashikilia hati, ridhaa yake ya maandishi itahitajika kabla hati haijaguswa.

Jambo jingine la kuangalia kwenye ramani ni bikoni, yale mawe ya mipaka. Unasema mkuza uko ndani ya kiwanja, lakini hakikisha kwa namba za bikoni na vipimo. Mita 25 za upana zikihesabiwa pamoja na ule ukanda, ni wako na umebebeshwa haki ya mtu mwingine. Zikiishia kwenye mstari wa ndani wa ukanda, basi ukanda ni ardhi ya umma iliyoachwa kati ya kiwanja na barabara, na ombi lako linakuwa la kuongezewa eneo: kumilikishwa upya, malipo ya umilikishaji, upimaji mpya. Maombi hayo mawili yanafanana kwa macho tu. Mpimaji aliyesajiliwa atakujibu hili kwa ziara moja.

Sasa barua kwa mamlaka ya maji. Usiandike "naomba ruhusa ya kujenga". Utajibiwa "hatuna pingamizi", na maneno hayo hayafuti kitu. Mkurugenzi mwingine anaweza kuja akawa na pingamizi. Omba kuachiwa haki. Kiini cha barua kiwe hivi:

"Naomba mamlaka ithibitishe kama bomba lililopita katika kiwanja Na. …, Kitalu …, Ipuli, lililoonyeshwa kwenye ramani ya upimaji Na. … kati ya bikoni … na …, lenye mkuza wa upana wa mita 6 na urefu wa mita 32, bado linatumika, ni la akiba, au lipo katika mpango wowote wa baadaye. Ikiwa halihitajiki, naomba (a) likatwe na kuzibwa nje ya mipaka ya kiwanja changu kwa pande zote mbili, (b) mamlaka iachie kwa kudumu haki yake katika mkuza huo, na (c) itoe barua ya kuomba mkuza ufutwe katika mchoro wa mipangomiji, ramani ya upimaji na daftari la hati. Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa, Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa."

Ambatisha nakala ya hati, ramani, majibu ya upekuzi na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu. Deni la pango ni kisingizio chepesi mno cha kulaza faili, lilipe kwanza. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Jibu utakalolipokea liwe na namba ya kumbukumbu na sahihi ya mkurugenzi mtendaji au aliyekaimishwa rasmi. Barua ya fundi wa kanda, hata akiwa anaijua mitambo kuliko wote, haitapokelewa mbele.

Usishangae wakisita. Bomba lisilotoa maji leo si lazima liwe limekufa. Mji ukipata chanzo kipya, mabomba ya zamani mara nyingi huwekwa kama akiba: njia mpya ikipasuka au mtambo ukisimama, valvu inafunguliwa na presha inarudi kwenye lile lililodhaniwa kuwa ni chuma chakavu. Pia kuna maunganisho. Nyumba moja huko mbele ikiwa bado inakula maji kutoka tawi dogo la bomba hilo, hawawezi kulikata hadi wamhamishie mteja huyo njia nyingine. Na mkuza ulioandikwa "njia ya huduma" kwa ujumla unaweza kuwa umepitisha na kebo ya umeme au mkongo wa mawasiliano, maana wote wanapenda kupita palipokwisha kuwa wazi. Maadam upo kando ya barabara, omba kila mmoja aandike: TANESCO, kampuni za simu zilizochimba mtaa huo, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama wanaitegemea sehemu hiyo kwa mtaro wa maji ya mvua.

Kabla ya maamuzi mhandisi wao atataka kuliona bomba, na hapo ndipo utakapojua ukweli wa ramani. Yachimbwe mashimo matatu ya kuchungulia, mawili karibu na ncha za kiwanja na moja katikati, kwa koleo na sururu za mkono, wao wakiwepo. Msilete mtambo wa kijiko, jino lake likigusa bomba lenye presha mtaa mzima utakosa maji na gharama zitakuangukia. Bomba kubwa huwekwa kwenye kina cha karibu mita moja, lakini barabara iliyochongwa mara nyingi huwa imelifanya liwe juu zaidi upande mmoja na chini zaidi upande mwingine. Anzeni nusu mita pembeni ya mstari wa ramani, mkilifuata kwa ubavu. Andikeni kina hadi mgongo wa bomba, kipenyo, aina, na umbali wake kutoka bikoni. Si ajabu mkakuta bomba liko nje ya mkuza kabisa, chini ya baraza lako la mbele. Ramani ilichorwa kabla ya kuchimba, na wachimbaji walipokutana na mwamba wakapinda. Ikiwa hivyo, kufuta mkuza bila kulishughulikia bomba lenyewe ni kujisumbua.

Kuhusu kufa kwake, ushahidi hauko kwenye bomba la uani kwako. Uko kwenye valvu. Mhandisi afunge na kufungua za pande zote mbili, kisha wakate. Maji yakitoka kidogo na kuisha, hayo ni mabaki. Yakiendelea kutiririka, kuna mahali bado limeungwa, na ombi lako linarudi nyuma hatua moja.

Asibesto: kama ni bomba la saruji ya asibesto, liache ardhini. Likilala pale halidhuru mtu. Hatari inaanza mnapolikata kwa grainda au kulivunja kwa nyundo, vumbi lake likaingia mapafuni. Maradhi yake huchukua miaka mingi kujitokeza, na huwa mabaya, saratani ikiwemo. Sehemu chache ambazo ni lazima zikatwe zikatwe na mafundi wa mamlaka, kwa msumeno wa mkono, bomba likiwa limeloweshwa, kwa barakoa za vumbi laini. Vipande vifungwe kwenye nailoni nene na vipelekwe kama taka hatarishi kwa maelekezo ya afisa mazingira wa manispaa. Visigeuzwe karo la maji ya mvua wala kigogo cha kukalia watoto, jambo tunalolitaja kwa sababu mafundi huviona vipande hivyo kama mali.

Ila bomba tupu chini ya jengo halifai kubaki tupu. Baada ya muda linabeba maji ya mvua kutoka kwa jirani wa juu na kuyamwaga chini ya msingi wako, au linavunjika na udongo unatitia. Lijazwe. Bomba la inchi 6 kwa urefu wa mita 32 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57. Uji wa saruji na mchanga laini kwa uwiano wa 1:6, mwembamba wa kutiririka, utakula mifuko mitatu hadi minne ya kilo 50. Mimina kutoka ncha ya juu, ncha ya chini ikiwa imezibwa na kuachiwa tundu dogo la kutolea hewa. Uji ukitokea kwenye tundu, umejaa. Ukiruka tundu la hewa, uji unasimama njiani na unabaki na bomba lililojaa nusu ukidhani umemaliza.

Na mtaro wa zamani ni adui kuliko bomba. Ulichimbwa, ukafukiwa, na udongo uliorudishwa haukushindiliwa kama ule wa asili. Msingi wa fremu ukivuka mtaro huo, sehemu moja ya ukuta inakaa kwenye udongo uliolegea na nyingine kwenye mgumu. Ufa wa mshazari juu ya mlango utaonekana baada ya masika ya kwanza, hasa kama udongo wako una mbuga nyeusi inayovimba na kunywea. Palipo na mtaro, toa udongo wote uliofukiwa hadi ufike wa asili, rudisha moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Vinginevyo pitisha mkanda wa zege wenye nondo nne za milimita 12 juu ya mtaro, ukikalia udongo wa asili angalau nusu mita kila upande. Mhandisi wa michoro yako aliandike hili kwenye mchoro. Usimwachie fundi aamue akiwa kazini.

Barua ya kuachiwa ikishapatikana, ndipo unarudi halmashauri. Andika kwa Mkurugenzi wa Manispaa, idara inayoshughulikia mipangomiji, ukiomba marekebisho ya mchoro ili kufuta mkuza katika kiwanja chako. Faili litapitia mpangamiji, kisha kamati ya madiwani inayohusika na mipangomiji na mazingira. Hapa ratiba ndiyo mchawi. Baraza la madiwani hukaa kwa kawaida kila robo mwaka na kamati huandaa mambo yake kabla ya hapo. Ukikosa kikao kimoja kwa sababu ya nakala iliyopungua, unasubiri kingine. Muulize katibu wa kamati tarehe ya mwisho ya kupokea makabrasha, uwahi mapema. Kwa hili diwani wako wa kata ana msaada wa kweli; akilijua suala kabla ya kikao anaweza kulieleza pale litakapoulizwa.

Mchoro uliorekebishwa hupelekwa kuidhinishwa upande wa wizara ya ardhi kupitia ofisi ya mkoa. Ukiidhinishwa, mpimaji anarekebisha ramani ya upimaji, nayo inaidhinishwa kivyake, ndipo Msajili anabadilisha ramani iliyo kwenye hati na kufuta ingizo la mkuza kama lilikuwepo. Mwisho wa yote omba upekuzi mpya. Ukisomeka safi, umemaliza. Malipo yote, kuanzia ada ya upekuzi hadi usajili, yanafanywa kwa kontroo namba. Anayekutaka umpe taslimu "akusogezee" anakuuzia foleni ambayo hana.

Sasa lile swali la mita sita. Hapana, hazitakuwa zote zako za kujenga. Mkuza ukiondoka yanabaki masharti ya kuacha nafasi kati ya jengo na mpaka, na mbele ya barabara nafasi hiyo ni kubwa kuliko ubavuni. Kiasi chake kinategemea kiwanja ni cha ujazo wa juu, wa kati au wa chini (yaani kidogo, cha wastani au kikubwa), na aina ya jengo. Mwombe mpangamiji akuandikie mstari wa kujengea kwa kiwanja chako kabla hujalipa gharama nyingine yoyote. Inawezekana kabisa ukagundua kwamba ukanda wenye eneo la mita za mraba 192, karibu robo ya kiwanja, utakurudishia nusu tu ya kujenga. Kama ni hivyo, kuna njia fupi.

Njia yenyewe ni kuomba mkuza upunguzwe badala ya kufutwa. Mita 6 huwekwa ili mtambo wa kuchimbia upite, udongo uwekwe upande mmoja na mabomba yalazwe upande mwingine. Kwako barabara iko pembeni. Mtambo unaweza kusimama barabarani na udongo ukamwagwa huko. Hoja hiyo mhandisi anaielewa mara moja. Ukiachiwa mita 3 za ndani na mita 3 za upande wa barabara zikabaki mkuza, huenda zikawa ni zilezile ambazo hungeruhusiwa kujenga kwa sheria ya nafasi ya mbele, na mamlaka inabaki na akiba yake. Sharti ni moja: mashimo ya kuchungulia yawe yameonyesha kwamba bomba limo ndani ya mita 3 zinazobaki. Juu ya sehemu inayobaki waombe ruhusa ya kuweka matofali ya kupanga ya maegesho, ambayo yanang'oleka. Miembe usipande, hata kama Tabora bila mwembe haikai vizuri machoni. Mizizi yake hutafuta maungio ya bomba.

Bomba likikutwa hai na hawataki kulipunguzia nafasi, kuna kulihamishia kwenye hifadhi ya barabara kwa gharama zako, kwa makadirio ya mamlaka ya maji na kibali cha TARURA. Kwa fremu tatu sidhani kama hesabu italipa.

Wasomaji wengine wa mkoa huu wasichanganye habari hii na mikuza mikubwa. Mkuza wa mita 30 wa bomba la mafuta ghafi unaopita Nzega na Igunga, au njia ya umeme wa kilovolti 132 ya Tabora–Katavi, si vya kujadiliana kwa barua ya mwenye kiwanja. Fidia ilishughulikiwa kwa utaratibu wake, na matumizi ya ndani ya mkuza yana masharti yake.

Jirani wa nyumba ya tatu kutoulizwa hakumpi haki. Siku mkuza utakapohitajika, banda na choo vitachorwa alama ya X, na aliyejenga bila kibali hana cha kudai. Zaidi ya hilo, shimo la choo juu ya bomba la zamani ambalo huenda likarudishwa kazini ni hatari kwa wote wanaokunywa maji yake: presha ikikatika, bomba lenye ufa hufyonza kilicho nje. Lakini anaweza kukusaidia. Mamlaka haiachii bomba vipande vipande kirahisi, kwa sababu kukata mita 32 katikati kunaua njia nzima. Tafuta wenye viwanja wote kati ya valvu mbili, muandike ombi moja, kila mmoja aambatishe hati yake. Mashimo, mpimaji na marekebisho ya mchoro mtachangia. Yeye akiingia, ajue kwamba choo kitaulizwa.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Mahakama ina uwezo wa kufuta au kurekebisha haki ambayo haina kazi tena, lakini kuishtaki taasisi ya serikali kunatanguliwa na notisi ya siku 90 na wakili anayelijua eneo hilo. Kwa ukanda wa mita sita, punguzo tulilolieleza hapo juu lina nafuu zaidi.

Limebaki la fremu zenyewe. Kiwanja chako, inavyoonekana kwa maelezo yako, ni cha makazi. Maduka matatu ya kupangisha yanahitaji kubadilisha matumizi kuwa makazi na biashara, ombi linalojitegemea lenye tangazo lake kwa umma na kikao chake. Usiyachanganye kwenye barua moja na suala la mkuza, maana moja likikwama litashikilia jingine; lakini yapeleke yaingie kikao kimoja. Na kabla ya kusaini, mwombe afisa ardhi akukokotolee kodi mpya ya pango la ardhi, kwa sababu kiwango cha biashara ni cha juu na kitahesabiwa kila mwaka, fremu ziwe na wapangaji au zisiwe nao.